Ile ya Naivasha

Huku kwetu Nakuru kila kitu ni "ile". Gari ni ile, ugali ni ile, jua ni ile, na mtoto wa jirani akipita mbio na suruali imeraruka, mtu ataegemea lango na kuuliza, "Ile inaenda wapi?" Mwalimu wetu wa Kiswahili wa shule ya msingi alipigana na tabia hii mpaka akazeeka. Aligonga ubao kwa rula mpaka rula ikavunjika: "Kiti ni kile! Meza ni ile! Mtu ni yule! Mtu si meza!" Sisi tunaitikia kama kwaya, mtu ni yule, mtu si meza, kisha kengele ikilia tunatoka nje tukisema, "Ile mwalimu inapenda makelele." Alistaafu akaenda na ngeli zake. Mimi nilidhani ngeli ni mambo ya mtihani, na mtihani wenyewe nilikuwa nimeshauanguka, kwa hivyo tuliachana salama. Sikujua zingenifuata mpaka mtaani kwetu Free Area na kukaribia kuninyima mke.

Lakini nianze na ugonjwa wangu.

Nafanya kazi kwa saiba moja, duka la intaneti, hapa mtaani. Napiga watu picha za pasipoti, nachapisha programu za mazishi, nawasaidia wazee waliosahau nywila zao na kunilaumu mimi kwa kusahau huko. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ni kusukuma kompyuta. Kompyuta ikitoka kiwandani imepangiwa spidi yake, kama mtoto aliyeambiwa asikimbie kanisani. Sisi tunaosukuma tunaingia ndani ya mipangilio yake, tunaongeza spidi kidogo, tunangoja tuone kama itavumilia. Ikivumilia tunaongeza tena. Ikishindwa, skrini inageuka zambarau na kuganda, tunaizima, tunarudi nyuma kidogo, tunaanza upya.

Faida yake ni nini? Mama ameniuliza mara nyingi, akiwa ameshika kiuno. Jibu la kweli ni kwamba unapata namba kubwa kuliko ya jana. Unaipiga picha hiyo namba, unaituma kwa grupu ya wanaume wengine ambao pia hawana la kufanya na hiyo namba, na wao wanakutumia alama ya moto. Basi. Unalala ukitabasamu. Kuna watu wanaoabudu mpira, na mpira nao haujawahi kuwachotea maji.

Kinachosukumwa zaidi ni kadi ya picha, ile sahani nene yenye feni inayochora kila unachokiona kwa skrini. Yangu ya zamani ilikufa mikononi mwangu nikiitafutia rekodi. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, na Mama akakimbia na kikombe cha maji akamwagia maharagwe yake ambayo hayakuwa na kosa lolote. Nilikaa pale nimeishika ikiwa bado moto. Nakiri nililia kidogo. Mama alidhani nimehuzunikia maharagwe.

Basi ikabidi nichague nyingine, na hapo ndipo mtu hujua dunia imejaa washauri. Niliuliza kwa grupu. Jamaa wa mtaa wa Bondeni anayelala kwa chumba kimoja na pikipiki yake aliniambia ninunue kadi yenye bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake, kwa sababu "chini ya hapo ni kujidanganya, bro." Mwingine akaniambia ningoje, kuna mpya inakuja. Huyu amekuwa akingoja mpya inayokuja tangu nimjue. Baadaye niligundua hana kompyuta hata moja. Anatushauri sisi wote kwa simu, tena simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikaenda tao, katikati ya mji, kwa duka lenye taa za rangi zinazozunguka dirishani.

"Niaje boss," muuzaji akasema. "Unataka gemu?"

"Nataka kadi ya picha. Hii hapa, voltiji yake inafunguka ama imefungwa?"

"Hii? Hii inacheza gemu ya mpira mpaka unadhani ni TV."

"Sawa, lakini nikitaka kuisukuma zaidi ya vile imetoka kiwandani?"

"Boss, hii ni orijino. Haisukumwi. Inajisukuma yenyewe."

"Joto yake inafika ngapi?"

Akalitazama sanduku kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. "Hiyo inategemea na vile umefungua dirisha," akasema.

Hata hivyo kadi ilikuwa mpya, ndani ya karatasi yake, na ilikuwa na waranti. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa ndogo, feni moja, na nilijua kwa kusoma kwamba kiwanda kimeifunga kabisa. Ukiisukuma kidogo inakataa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kadi. Kwa mtu kama mimi ni kama kuoa na kuambiwa usiongee na bibi yako.

Ya pili niliiona mtandaoni, na ilikuwa Naivasha. Feni tatu, mabega mapana, inataka waya mbili za stima peke yake. Mwenyewe alikuwa ameandika ukweli wote bila aibu: ilikuwa ikimchimbia sarafu za mtandaoni, mchana na usiku, bila kupumzika. Nilipompigia aliniambia alihamia Naivasha kwa sababu alisikia stima inatoka ardhini kule, akadhani ukikaa karibu na inapotoka unauziwa rahisi, kama maziwa. Akakuta bei ni ileile ya kila mahali. Sasa alikuwa anauza kila kitu arudi kwao kulima viazi. Nilimpenda huyo jamaa mara moja. Ndoto zake zilikuwa na umbo kama la zangu.

Sasa nieleze kuhusu msichana, maana yeye pia ni wa Naivasha.

Anafanya kazi kwa shamba la maua, upande wa kupakia. Tulijuana kanisani kwetu, alipokuja kwa harusi ya binamu yake na akacheka nilipokuwa nikipiga picha nikirudi nyuma mpaka nikakalia keki. Tangu hapo ni yeye tu. Wazazi wake walikuwa wameanza kuuliza huyu kijana ana mpango gani. Mimi mpango ninao, ila kila nikikaa niuzungumze, kompyuta inaingia katikati. Nitakuja kuona wazee nikimaliza hii rekodi. Tutaongea nikipata feni mpya. Alivumilia, nikaongeza. Akavumilia, nikaongeza tena.

Kilichommaliza uvumilivu ni swali moja. Kule kwao maua huwekwa kwenye chumba cha baridi kabla ya kusafirishwa, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mimi kusikia hivyo, moyo ukaruka. Kadi ikiwa kwa baridi inasukumika ajabu! Nikamuuliza kama naweza kuleta kompyuta yangu ikae mle siku moja tu, katikati ya maua, nivunje rekodi.

Nilimsikia akifunga mlango upande wake wa simu.

"Mpaka nikuambie," akasema, "sitaki kusikia neno kompyuta. Wala feni. Wala joto. Ongea na mimi kama mtu."

Nikatii, kwa sababu nampenda. Kwa hivyo nilipokuwa nikihangaika kuchagua kati ya kadi mbili sikumwambia neno. Tuliongea kuhusu mvua. Jamani, tuliongea kuhusu mvua mpaka mvua yenyewe ikachoka.

Huku nyumbani Mama aliona sili vizuri. Kwa mkutano wa akina mama akaomba niombewe. "Kijana yangu hana amani," akasema. "Anachagua. Moja iko Naivasha, ingine iko tao. Imemkosesha usingizi."

Hakusema moja ya nini. Hapa kwetu hakuna mtu angeuliza.

Kesho yake nilikutana na mwenyekiti wa hao akina mama kwenye kibanda cha mboga. Ni mama mkubwa, mpole, mwenye moyo wa kusaidia na mdomo wa kusambaza huo msaada. Alikuwa anangoja sukuma wiki yake ikatwe.

"Baba," akaniita, "nimesikia uko na mzigo ya kuchagua."

"Iko, Mama. Hata usingizi imepotea."

"Hiyo ni kawaida. Ziko ngapi?"

"Zimebaki mbili."

Kikapu kikashuka chini. "Mbili!"

"Zilikuwa mingi, Mama. Nimepunguza."

"Yesu." Akajifuta uso kwa leso. "Moja ni hiyo ya Naivasha, si ndio? Hiyo niliionanga kanisani. Iko na adabu."

Nilishangaa kadi ya yule jamaa ilifikaje kanisani, lakini siku hizi makanisa yana skrini kubwa kuliko za benki, nikaona inawezekana aliwahi kuwaazima. "Adabu iko, sijakataa," nikasema. "Haina makelele. Shida ni imetumika, Mama. Kuna jamaa alikuwa nayo mbele yangu. Aliifanyisha kazi mchana na usiku."

"Nani amekuambia hiyo maneno!"

"Si yeye mwenyewe! Ameandika kwa mtandao. Na picha ameweka."

Mama wa mboga akaacha kukata. Mwenyekiti akashika kifua.

"Na hii ya tao?" akauliza, sauti ikiwa chini.

"Hii ni mpya kabisa. Hata karatasi haijatolewa. Lakini ni kadogo, na haitaki kusukumwa. Ukijaribu kidogo tu, inakataa."

"Na ikatae!" Mwenyekiti alipaza sauti mpaka watu wa boda wakageuka. "Ikatae mpaka siku ya kanisa!"

Hapo ningesimama nifikirie. Kadi na kanisa, tena? Lakini mimi nikianza kuongea juu ya vitu vyangu masikio hufunga kazi.

"Naona nitachukua tu hii ya tao," nikamalizia. "Ile ya Naivasha itanisumbua. Kila wakati nitakuwa nikiifungua kuangalia kama imeharibika ndani. Lakini ni kubwa, Mama. Ni kubwa! Nikiifikiria roho inauma."

"Kijana," akasema, "mwogope Mungu," kisha akaenda. Sukuma wiki yake ilibaki kwenye karatasi. Nikambebea nyumbani kwake jioni, na akaipokea kupitia dirishani.

Sasa, mwenyekiti ana dada yake mdogo, na dada huyo anapakia maua meza moja na msichana wangu. Habari iliruka kutoka Free Area, na kabla ya chai ya asubuhi ilikuwa imeshafika kwenye meza hiyo ikiwa imenona njiani: kijana amepata msichana mpya wa tao, mdogo, mwenye msimamo, na ile ya Naivasha ameiacha kwa sababu imetumika.

Mimi sikujua chochote. Niliona tu meseji zangu za mvua hazijibiwi. Kisha siku moja, nikiwa saiba nachapisha programu ya mazishi ya mzee fulani, simu ikalia, ni meseji yake.

*Nimeskia ya Naivasha imetumika. Na umepata mpya tao.*

Nilifurahi kiasi kwamba nilichapisha nakala mia za mzee akiwa kichwa chini. Ameuliza mwenyewe! Ameiondoa ile marufuku! Sikujiuliza nani amemwambia. Nilikaa chini nikamwandikia kwa moyo wote, na ninaiweka hapa jinsi ilivyo ili vijana wengine wasome kabla ya kutuma:

*Aki nimefurahi umejua. Nilikuwa nakuficha juu ulisema hutaki kuskia. Ni kweli imetumika lakini si vibaya vile watu wanasema. Zikitumika hivyo huwa zimezoea kazi ngumu. Shida ni joto tu na uchafu. Ya tao ni mpya lakini sina raha nayo, haina nguvu. Nikilinganisha bado roho iko kwa ya Naivasha. Wacha nikuje Jumamosi niifungue nione ndani. Nikipata iko sawa nabeba, nikipata imeungua naachana nayo nachukua ya tao. Usikasirike, ni vizuri kuangalia kabla ya kulipa.*

Nikaweka na ile alama ya moto.

Jibu lilichelewa. Lilikuwa neno moja. *Kuja.*

Nikamtumia kidole gumba.

Jumamosi nilifika Naivasha na mkoba wangu mgongoni. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, peke yake, amevaa sweta nzito ya sufu imefungwa mpaka shingoni, huku mwenye kibanda akijipepea na kifuniko cha sufuria. Mikono yake ilikuwa imezunguka kikombe. Niliona hayo yote. Kuona si kitu kigumu. Hata kamera ya saiba inaona.

"Sasa," nikasema.

"Poa." Hakutabasamu. "Umekuja na nini kwa hiyo mkoba?"

"Vyombo." Nikavitoa mezani, kimoja kimoja, kwa furaha. Bisibisi kubwa. Bisibisi ndogo. Brashi ya rangi, ile laini. Chupa ya spiriti. Kitambaa. Sirinji ndogo yenye dawa ya kupoza, nyeupe kama dawa ya meno.

Alivitazama. Mwenye kibanda naye akavitazama, akasogeza kisu chake cha mikate karibu naye.

"Hizi ni za nini?" akauliza.

"Za kufungua. Si nilikuambia? Nataka nifungue nione ndani kama imeungua."

"Ufungue nini?"

"Ile ya Naivasha."

"Ile ya Naivasha ni nani?"

"Ni nani aje? Kadi."

"Kadi gani?"

"Ya kompyuta," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba meza ile ilikuwa na mambo mawili yanayoongelewa.

Alitoa simu yake. Akanisomea meseji yangu kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Zikitumika hivyo huwa zimezoea kazi ngumu. Niifungue nione ndani. Nikipata iko sawa nabeba. Kila sentensi ilikuwa imevaa nguo nyingine kabisa. Alipofika kwa "ni vizuri kuangalia kabla ya kulipa" mwenye kibanda alisema "Woi!" na akaacha kujipepea. Mimi nilitafuta shimo. Huku Bonde la Ufa ardhi hupasuka mara kwa mara, watu huamka wakakuta ufa umepita katikati ya shamba. Siku hiyo haikupasuka.

"Kwa hivyo," akasema, "wiki nzima nimelia kwa choo cha kazini kwa sababu ya kadi."

"Mimi sikujua! Mwenyekiti ndiye..."

"Mwenyekiti amekuskia ukisema ile ya Naivasha imetumika. Akafikiria ni mimi. Wote walifikiria ni mimi. Hata mimi nilifikiria ni mimi. Unajua kwa nini?"

Nikazungusha bisibisi ndogo mezani.

"Kwa sababu ndivyo unaniitanga. 'Ile yangu ya Naivasha.' Uliniita hivyo mbele ya binamu yangu, nikacheka."

Nikajitetea kwamba huku kwetu ndivyo watu husema, hata mwalimu wetu alishindwa. Akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Hiyo kadi umeiuliza ilikuwa kwa nani," akasema. "Umeuliza inachoka wapi, inapenda joto gani, imeumia wapi. Umeibebea mpaka dawa. Mimi nafanya kazi kwa baridi mpaka vidole haviskii kikombe, na wewe kitu ya kwanza uliuliza ni kama kompyuta yako inaweza kuingia mle ikastarehe."

Ndipo nikaiona ile sweta. Nikaona mikono kwenye kikombe ambacho chai yake ilikuwa imeisha zamani, kimebaki na uvuguvugu tu. Mimi, mtu wa kupima joto. Mtu ninayeweza kukuambia kadi ilifika nyuzi ngapi kabla ya kufa.

Nikasema tu, "Umechoka wapi?"

"Usiniulize kama fundi."

"Sijui kuuliza vingine."

Kisha akanyoosha vidole vyake mezani kati ya bisibisi na spiriti, na akaniambia. Viungo hivi, asubuhi. Hiki cha kati, hata mchana. Na mgongo, kwa sababu ya kuinama. Na kuna kitu kingine kinachochoka, akasema, kila nikiambiwa ningoje mpaka mwezi ujao. Nilisikiliza mpaka mwisho, na sikutaja feni.

Nilivirudisha vyombo kwa mkoba, nikasema turudi kwake nimsindikize, kadi iende na mwenyewe ikalime viazi.

"Aka, hapana," akasema. "Umeniliza wiki nzima kwa sababu ya hii kitu. Lazima niione sura yake."

Tukaenda wote. Yule jamaa wa sarafu alikuwa amebakisha godoro, birika na kadi. Alitupokea kwa heshima kama tumekuja posa.

"Hii imenifanyia kazi," akasema akiipangusa kwa shati. "Haijawahi kulalamika hata siku moja."

"Kutolalamika haimaanishi haichoki," msichana wangu akasema, na yule jamaa akaomba msamaha bila kujua ni wa nini.

Nikaifungua pale sakafuni. Yeye alinishikia tochi ya simu. Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi, vile vipande laini vya kupitisha joto vilikuwa vimetoa mafuta, na kwenye kona moja ubao ulikuwa umebadilika rangi, kahawia kama chapati iliyosahauliwa. Haikuwa imeungua. Ilikuwa imechoka.

"Ikiwa hivi mnaifanya nini?" akauliza.

"Wenyewe wanasema usinunue."

"Nimekuuliza wewe."

"Unaisafisha," nikasema. "Unaipaka dawa. Halafu unaipunguza. Unaiambia ifanye kazi chini ya vile kiwanda kilisema, stima kidogo, spidi kidogo. Inaishi miaka. Lakini hakuna mtu wa kusukuma anapunguza. Ni aibu. Watanicheka."

"Na wakucheke," akasema, na akazima tochi. "Chukua hii. Siwezi kukaa na mtu anayeacha kitu kwa sababu imetumika."

Nikaichukua. Kisha, kabla sijapanda kurudi, tulipita kwa nyanya yake anayekaa karibu, na huko niliongea mpango wangu wote kwa mara ya kwanza bila neno kompyuta. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya mwenyekiti baada ya ibada, na Mama pembeni ameziba mdomo. "Mama," nikasema, "yule wa Naivasha ndiye nitaoa. Ile ya Naivasha ni chuma cha kompyuta. Mtu ni yule, mtu si meza." Mwenyekiti akanitazama kwa huruma nyingi. Akaniuliza, na kwa hivyo ile ya tao utaiambia nini? Mpaka leo kuna akina mama wanaomwombea msichana mdogo wa tao mwenye msimamo, apate mtu wa maana.

Grupu nayo ilinicheka ilivyostahili. Niliandika kwamba nimepunguza, na jamaa wa Bondeni akasema nimezeeka. Yule asiye na kompyuta alisema ningengoja.

Siku yake ya mapumziko, msichana wangu huja Free Area. Kuna mchana mmoja kulikuwa na mvua na baridi ya Nakuru ile ya kuingia kwa mifupa. Nilikuwa nacheza, kadi iko chini pale nilipoipunguza, tulivu kama mzee kanisani. Alivuta kiti akakaa nyuma ya kompyuta, mahali ambapo feni tatu hutoa upepo wao, akanyoosha mikono. Nikadhani anatafuta waya. Alikuwa anaota moto, kama watu wanavyoota jikoni.

Alikaa hivyo kwa muda, akikunja vidole na kuvikunjua. Mama alipita na sahani, akatazama, akaenda.

"Hii ndio mwisho?" akauliza.

"Mwisho wa nini?"

"Joto."

"Hapana. Nimeipunguza. Si ulisema..."

"Najua vile nilisema." Alisogeza kiti karibu zaidi. "Ongeza kidogo."

Nikaingia kwa mipangilio, nikaongeza. Feni zikapanda sauti. Akatulia, macho ameyafumba. Nikaongeza tena kidogo, nikaacha kuangalia namba, nikaangalia kile kidole cha kati. Ghafla skrini ikageuka zambarau na kuganda.

"Imefika," nikasema. "Wacha nirudi nyuma."

"Ngoja," akasema, mikono bado iko pale. "Bado iko moto."